David Lammy na wale watu 12

Mara ya kwanza naingia Crown Court, mahakama ya kesi nzito za jinai, hapa London kama mkalimani nilikuwa nimevaa koti la kuazima kwa rafiki, na kitu ambacho hakijanitoka kichwani mpaka leo sio jaji wala yale mawigi ya nywele za farasi, ni wale watu 12 wa juri, yaani wale wanaoamua kama mshitakiwa ana hatia. Wanaingia kundi zima, karani anaita majina, mmoja mmoja anasogea kwenye viti vyao, anapewa kadi anasoma kiapo kwa sauti, kwamba ataisikiliza kesi kwa uaminifu na kutoa uamuzi wa kweli kulingana na ushahidi. Nakumbuka jamaa mmoja viatu vyake vina madoa ya rangi ya kupaka ukuta, mama mmoja wa makamo kafunga kilemba kizuri cha bluu, na kijana ambaye sauti ilikuwa inamtetemeka kama anayefunga ndoa. Mi nilikuwa nyuma ya kioo pembeni ya mshitakiwa namnong'oneza kila neno. Kabla hawajaapa mshitakiwa anaambiwa ana haki ya kumpinga yeyote kati yao, nikamtafsiria, akanigeukia akaniuliza, "Hawa ndo wataamua? Mbona ni watu tu wa kawaida, na jaji je?" Sikuruhusiwa kumjibu, mkalimani kazi yake ni kutafsiri basi, ikabidi nilitafsiri hilo swali lake kwa Kiingereza ili wakili wake amjibu, na mahakama nzima ikasikia.

Swali lile ndo limenifanya nimfuatilie David Lammy miaka yote hii. Kwasababu huyu ni mtu ambaye alilijibu vizuri kuliko mwanasiasa yeyote wa Uingereza ninayemjua, akaliandikia ripoti, alafu akapewa cheo chenye mamlaka ya kulibadilisha jibu, na akataka kulibadilisha kweli. Mi bado sijapoa.

Twende taratibu. Septemba 5, 2025 Lammy aliteuliwa Naibu Waziri Mkuu, Waziri wa Sheria na Lodi Chansela kwa mpigo. Hiki cheo cha Lodi Chansela, waziri anayesimamia mahakama, ni cha kale mno, kilikuwepo karne nyingi kabla Vasco da Gama hajatia nanga Malindi, na katika muda wote huo hakikuwahi kushikwa na mtu mweusi mpaka alipofika yeye. Nilikuwa kwenye basi nikaiona hiyo habari kwenye simu, nikaisoma mara mbili, kwasababu basi lenyewe lilikuwa linapita Tottenham, na Tottenham ndo kwao.

Alizaliwa Julai 19, 1972, hapo hapo kaskazini mwa London, wazazi wake wote ni watu wa Guyana. Baba yake aliiacha familia akaenda zake Marekani, Lammy akiwa na miaka kama 12, na hawakuonana tena. Mama Rosalind akabaki na watoto watano, akihangaika kazi hii na ile. Hili jambo la baba amelisema mwenyewe hadharani mara nyingi, bila kuficha, na naamini ndo maana akiongelea vijana waliolelewa na mzazi mmoja haongei kama mtu aliyesoma takwimu. Akiwa na miaka 10 alipata nafasi ya kuimba kwaya kwenye kanisa kuu la Peterborough na kusoma bweni pale, shule ya King's. Yaani sauti ndo ilimtoa mtaani. Wenzake wakabaki Tottenham, na Oktoba 1985 mtaa wa Broadwater Farm ukawaka. Mama mmoja mweusi, Cynthia Jarrett, alianguka akafariki polisi wakiwa wanapekua nyumba yake, usiku uliofuata zikalipuka fujo na askari anaitwa Keith Blakelock akauawa kinyama. Lammy ana miaka 13, yuko Peterborough anaimba zaburi, kwao kunaungua. Hiyo picha huwa inanirudia sana kichwani.

Sheria akaisomea SOAS, chuo ambacho wengi wetu tunakijua kwasababu Kiswahili kimefundishwa pale kwa miongo mingi. Mwaka 1994 akapokelewa rasmi kuwa wakili kupitia Lincoln's Inn. Hapa niwaeleze kidogo wasomaji wa nyumbani maana kwetu wakili ni wakili, anaandaa mkataba asubuhi na mchana anasimama kortini. Uingereza wameigawa hiyo kazi mara mbili, kuna mawakili wa ofisini wanaoongea na mteja na kuandaa makaratasi, na kuna wale wa kusimama mbele ya jaji, wenye wigi na joho. Hawa wa wigi lazima wawe wanachama wa moja ya nyumba nne za zamani pale katikati ya London, Lincoln's Inn ni mojawapo, na katika safari ya kupokelewa kuna mambo ya kukaa mezani kula chakula cha jioni na wakubwa wa taaluma, ni sehemu ya malezi yenyewe. Fikiria mtoto wa mama Rosalind kwenye meza hizo.

Alafu akaenda Harvard, akamaliza shahada ya pili ya sheria mwaka 1997, Mwingereza mweusi wa kwanza kusoma kitivo cha sheria pale. Akafanya kazi na kampuni ya mawakili California, akarudi London kwenye kampuni nyingine, na mwaka 2000 siasa ikamchukua moja kwa moja. Kuna watu wanasema hakuwa wakili wa muda mrefu, ni kweli, hakuzeekea kortini. Ila ukimsikiliza akiwa amepania utaisikia ile shule, anapanga hoja kama anayejenga kesi, tarehe, sheria, alafu ndo hasira.

Aprili 2000 Bernie Grant akafariki. Huyu alikuwa mbunge wa Tottenham tangu 1987, mzaliwa wa Guyana, mmoja wa wabunge weusi wa kwanza wa zama hizi, yule aliyeingia kwenye ufunguzi wa bunge na vazi la Kiafrika. Kiatu kikubwa. Lammy akagombea uchaguzi mdogo, Juni 22, 2000 akashinda akiwa na miaka 27, mbunge mdogo kuliko wote bungeni wakati huo. Na Juni 22 ndo tarehe ambayo abiria wa meli ya Empire Windrush, iliyoleta wahamiaji kutoka Karibi, walishuka bandari ya Tilbury mwaka 1948, sijui kama kuna aliyeipanga hivyo ila mi nikiiona napata kitu moyoni.

Uwaziri aliuanza mapema, 2002 naibu waziri wa afya chini ya Waziri Mkuu Blair, 2003 wizara ya mambo ya katiba, 2005 utamaduni, baadaye elimu ya ufundi na vyuo vikuu mpaka chama chake cha Labour kilipoanguka 2010. Sitavipitia vyote. Kwenye vita ya Iraki alipiga kura ya ndio kama serikali ilivyotaka, na hilo nalisema kwasababu mtu ukimpenda lazima useme na yale yaliyokuumiza. Lakini ile wizara ya katiba muiweke akilini. Alikuwepo pale wakati sheria ya mageuzi ya katiba ya mwaka 2005 inapitishwa, sheria iliyomvua Lodi Chansela ukuu wa majaji na kumwekea kiapo maalum, kwamba ataheshimu utawala wa sheria na kulinda uhuru wa mahakama. Miaka 20 baadaye kiapo hicho hicho akakisoma yeye.

Kuanzia 2010 alikaa benchi la nyuma, yaani mbunge asiye na cheo, miaka kumi, na kwangu mimi hiyo ndo ilikuwa miaka yake bora kabisa. Agosti 2011 Mark Duggan alipigwa risasi na polisi Tottenham, siku mbili baadaye mtaa ukawaka tena kama 1985, safari hii mbunge ni yeye. 2015 akajaribu kupata tiketi ya Labour ya umeya wa London, akashika nafasi ya nne, Sadiq Khan akachukua. Juni 2017 jengo la ghorofa la Grenfell hapa London likaungua, watu 72 wakafa, mmoja wao ni Khadija Saye, msanii wa miaka 24 aliyekuwa rafiki wa familia yake, alikufa pamoja na mama yake. Lammy alilia kwenye televisheni.

Alafu ikaja Aprili 16, 2018. Kama hujawahi kumsikiliza Lammy anza na hotuba hiyo. Wazee waliotoka Karibi wakiwa watoto, wameishi Uingereza miaka 50, wamelipa kodi, ghafla wanaambiwa walete karatasi za kuthibitisha wako kihalali, wengine wakanyimwa matibabu, wengine wakafukuzwa kazi, wengine wakapandishwa ndege. Haikuwa Wakaribi peke yao, yeyote wa Jumuiya ya Madola aliyeingia kabla ya Januari 1, 1973 sheria ilikuwa ile ile, na waafrika walikuwemo. Lammy akasimama, akaanzia 1623 meli za kwanza za Waingereza zilipofika Karibi, akapita kwenye utumwa, akapita kwenye watu weusi waliopigana vita za Uingereza, akafika 1948 waliposhuka melini wakiwa raia kamili, na hapo ndo akamgeukia waziri wa mambo ya ndani Amber Rudd na kusema hii ni siku ya aibu kwa taifa. Dakika chache tu. Wiki mbili hazikuisha Rudd akajiuzulu. Niliangalia ile hotuba jikoni kwa mzee mmoja wa Kimombasa tunayemwita Mzee wetu, wala hakusema neno, aliinuka akaenda kabatini akatoa bahasha ya plastiki yenye pasipoti zake zote tangu ya kwanza, akaanza kuzipanga mezani kwa mwaka.

Katikati ya hayo kuna kazi ambayo ndo hasa iliyonileta kwenye kibodi leo. Januari 2016 Waziri Mkuu Cameron, ambaye ni chama pinzani kwake, alimwomba Lammy achunguze mahakama na magereza ya Uingereza na Wales yanavyowatendea watu weusi na wengine wasio wazungu. Ripoti ikatoka Septemba 2017, mapendekezo 35. Hao watu wakati huo walikuwa 14% ya wakazi, gerezani 25%, na kwenye vizuizi vya vijana walizidi 40%. Weusi peke yao walikuwa kama 3% ya wakazi na 12% ya wafungwa. Namba zinatisha lakini kilichonishika mimi ni maelezo yake ya kwanini. Mfano, Uingereza ukikiri kosa mapema unaweza kupunguziwa adhabu hadi theluthi moja. Watu weusi wanakiri kidogo kuliko wazungu. Sio kwamba ni wabishi, ni kwamba hawaamini. Hawamuamini polisi, hawamuamini wakili aliyewekwa na serikali akiwashauri wakiri maana wanamwona ni wale wale tu, basi wanakataa, wanaenda mpaka mwisho, wakipatikana na hatia wanakula adhabu nzima. Kutoamini kunageuka miaka ya kukaa ndani. Nimeyaona haya kwa macho yangu. Nimekaa chumba kidogo chini ya mahakama na kijana na wakili wake, wakili anaeleza hiyo theluthi kwa upole kabisa, mi natafsiri, na kijana ananiangalia mimi badala ya wakili, anatafuta usoni kwangu kama kuna mtego.

Na katika ripoti hiyo hiyo Lammy akasema kuna hatua kwenye mnyororo huo ambapo uchunguzi haukuona upendeleo wa rangi, uamuzi wa juri. Wale watu 12. Mweusi au mweupe, kiwango cha kupatikana na hatia kilikuwa kinalingana. Akaeleza na sababu, kwamba watu 12 wakifungiwa chumba kimoja kila mmoja anabidi aeleze mawazo yake mbele ya wenzake, chuki yako ukiisema kwa sauti inaonekana ilivyo, na kuna mwenzako pembeni atakuuliza umeipata wapi hiyo. Hilo ndo jibu la swali la yule jamaa wa kwenye kioo. Ndio, ni watu wa kawaida tu, na hapo ndo ilipo nguvu yake. Mwaka 2020 kipindi cha korona, serikali ilipofikiria kuendesha kesi bila juri, Lammy akiwa msemaji wa upinzani kwenye mambo ya sheria alipinga wazi wazi.

Baadaye akawa waziri wa mambo ya nje, Julai 2024. Kwetu watu wa Afrika Mashariki na Kongo kipindi hicho tutakikumbuka kwa Goma. Waasi wa M23 waliuteka mji mwishoni mwa Januari 2025, Februari Lammy akaenda Kinshasa na Kigali, na siku chache baada ya kurudi Uingereza ikatangaza kusitisha misaada ya fedha inayoenda moja kwa moja kwa serikali ya Rwanda, isipokuwa ile ya watu maskini kabisa. Wapo waliosema kachelewa, wapo waliosema kaonea, ndugu zangu wa Kivu ninaofanya nao ukalimani walisema angalau kuna mtu katamka. Na Mei 2025 ukasainiwa mkataba wa kurudisha visiwa vya Chagos kwa Mauritius, huku kambi ya kijeshi ya Diego Garcia ikikodishwa miaka 99. Hayo yana mjadala wake siku nyingine.

Desemba 2, 2025, Lodi Chansela David Lammy akasimama bungeni akatangaza mpango wa kupunguza juri. Kesi ambazo adhabu yake inatarajiwa kuwa miaka mitatu au chini ziamuliwe na jaji peke yake, na mahakimu wa chini waongezewe uwezo wa kufunga mtu hadi miezi 18. Mauaji, ubakaji na makosa mazito yabaki na juri. Sababu yake ni mrundikano, kesi kama 78,000 zilikuwa zinasubiri Crown Court, nyingine zimepangiwa tarehe za miaka ijayo kabisa, na jaji mstaafu Brian Leveson alikuwa ameshapendekeza kitu kinachofanana na hicho miezi michache nyuma.

Nataka nimtendee haki. Mrundikano ni wa kweli. Niliwahi kupewa kazi ya kumtafsiria mama mmoja shahidi, aliyetendewa ubaya, siwezi kusema ubaya gani. Siku ya kwanza tumekaa kwenye korido toka saa tatu asubuhi mpaka saa tisa, anatoka mtu anasema chumba cha mahakama hakijapatikana, rudini mwezi wa tano. Mwezi wa tano hakuna jaji. Akaambiwa mwaka unaofuata. Alikuwa amekuja na nguo ile ile mara zote mbili, kitenge na sweta la kijivu juu, akaniambia mwanangu mimi hii nguo naenda kuichoma, waambie sirudi. Na kweli hakurudi, kesi ikafa. Kwahiyo Lammy akisema haki ikichelewa anayeumia ni aliyetendewa, mi siwezi kumbishia, nimekaa kwenye kile kiti cha plastiki.

Lakini hakuna juri aliyesababisha yule mama arudishwe nyumbani. Siku ile watu wa juri walikuwepo, niliwaona ghorofani wanakunywa kahawa wakisubiri kuitwa. Kilichokosekana ni chumba, na mara ya pili ni jaji. Ukiniambia unatatua ukosefu wa majaji kwa kumwachia jaji kazi ya watu 12 kwenye maelfu ya kesi, mi hesabu inanigomea. Na hizo kesi za chini ya miaka mitatu ndo kesi za vijana wetu, za kusukumana na askari, za bangi mfukoni, za simu iliyokutwa kwako. Ndo zile ambazo kijana ananiangalia usoni kutafuta mtego. Kwa mtu asiyeamini mfumo mzima, hiki ndo kilikuwa kipande ambacho ushahidi wenyewe, ulioandikwa na Lammy mwenyewe, ulisema kinaaminika. Najua atajibu kwamba majaji wamebadilika, wanafunzwa, wanaandika sababu za uamuzi wao na unaweza kukata rufaa, wakati juri hatoi sababu. Ni hoja ya wakili, tena nzuri. Ila mi ningemwomba airudie ripoti yake ile sehemu ya juri, asome polepole, alafu aniambie ni kitu gani kimebadilika Tottenham kati ya 2017 na 2025.

Kuna kitu kingine watu wetu wengi hawakijui. Hapa ukiwa raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mnyarwanda, una makazi halali, unaruhusiwa kujiandikisha kupiga kura, na majina ya juri yanachotwa kwenye daftari hilo hilo la wapiga kura bila kuchagua sura. Umri 18 mpaka 75, uwe umeishi hapa miaka mitano. Basi mwaka juzi ikaja bahasha kwangu, na pasipoti yangu ni ya Tanzania. Zamani watu wanaofanya kazi mahakamani walikuwa hawaitwi, siku hizi hata majaji wenyewe wanaitwa, kwahiyo kisingizio sina. Nilipangiwa mahakama ambayo sijawahi kufanya kazi. Nikapewa kadi, nikasoma kiapo, kwa Kiingereza, bila mkalimani, na mkono ulinitetemeka kama yule kijana.

Tuliyoyajadili kule ndani sheria inakataza kuyasema, hata kwa mke wangu sijasema. Naweza kusema kulikuwa na birika la umeme, biskuti za tangawizi, na meza ndefu yenye mikwaruzo. Tulikuwa dereva wa basi mmoja, dada wa duka la dawa, wanafunzi wawili, baba mmoja mstaafu wa reli, na wengine. Wakati wa kuanza yule mstaafu alisema tuzunguke meza, kila mtu aseme anachofikiria na kwanini, asikatizwe. Akaanzia upande wangu.